Keneli Imeganda, Bodi Iko Mbali: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: bodi ndogo yenye Linux imekwama, haina skrini wala kibodi, na mwenye nayo anataka kujua keneli (moyo wa mfumo endeshi) ilikuwa inafanya nini. Tumezijibu kuanzia kwenye waya. Neno moja la kukubaliana kwanza: tunaposema kizuizi, tunamaanisha mahali ulipopachagua kwenye msimbo ili prosesa ikifika hapo isimame, kama gari kwenye kizuizi cha polisi.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina bodi ya BeagleBone Black inayosimamia chumba cha baridi. Kiendeshi (programu ya kuendesha kifaa) nilichokiandika kinaiangusha keneli mara mojamoja. Gdb, zana ya kusaka makosa, naifahamu kwa programu za kawaida. Nifanyeje niichungulie keneli yenyewe kutoka kwenye laptopu? — Msomaji, Arusha

JIBU: Programu ya kawaida gdb huisimamisha kwa kuiomba keneli. Unapotaka kuisimamisha keneli yenyewe, wa kumwomba hayupo. Kwa hiyo kazi hugawanywa: ndani ya keneli ya bodi hukaa kipande kidogo kiitwacho kgdb, kinachojua kusimama, kusoma kumbukumbu na kuandika rejista, basi. Gdb kamili, inayoelewa C na majina ya vigeu, hubaki kwenye laptopu. Huzungumza kwa waya wa siriali, unaopitisha biti moja baada ya nyingine, kwa vifurushi vifupi vya herufi vinavyoanza na $ na kumalizika kwa # na tarakimu mbili za uhakiki. Kgdb ilizunguka miaka mingi nje ya Linux rasmi, maana Linus Torvalds hakuwa mpenzi wa zana za namna hii, hadi ilipopokelewa katika toleo la 2.6.26 mwaka 2008. Leo imo kwenye msimbo wa keneli yako; ni wewe tu kuichagua unapokompaili.

Vifaa ni vichache: adapta ya USB kwenda siriali ya volti 3.3 (zenye chipu ya FT232R, CP2102 au CH340 zote zinafaa) na nyaya tatu za jampa. Adapta ya volti 5 iache dukani. Waya wa RS-232 wa kizamani ndio kabisa usiuguse, kwani hubeba volti chanya na hasi zinazoweza kufika 12. Ukiwa na shaka, pima. Siriali isiyotuma kitu huiacha pini ya TX (ya kutuma) ikiwa juu, kwa hiyo multimita kati ya TX na GND (ardhi) ya adapta itakuambia mara moja kama ni 3.3 au 5.

Kwenye bodi yako tafuta safu ya pini sita iliyoandikwa J1. Pini ya 1 ni GND, ya 4 ni RX (ya kupokea) ya bodi, ya 5 ni TX ya bodi. Nyaya zipishane: TX ya adapta iingie pini ya 4, RX ya adapta ipokee kutoka pini ya 5. Wengi wanaolalamika kwamba bodi ni bubu wamezinyoosha badala ya kuzipishanisha. Waya wa umeme wa adapta usiunganishe popote, bodi ina umeme wake.

Unapokompaili keneli, hakikisha faili la .config lina mistari hii:

CONFIG_KGDB=y
CONFIG_KGDB_SERIAL_CONSOLE=y
CONFIG_MAGIC_SYSRQ=y
CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT=y
CONFIG_GDB_SCRIPTS=y

Jina hilo refu la nne ni la matoleo ya karibuni; katika ya zamani ni CONFIG_DEBUG_INFO=y. CONFIG_DEBUG_INFO_REDUCED izime, la sivyo gdb haitajua maumbo ya struct zako. Mwisho wa kukompaili utapata faili mbili zinazotuhusu. zImage, ya megabaiti chache, inakwenda kwenye bodi. vmlinux, inayoweza kufika mamia ya megabaiti, inabaki kwenye laptopu. Mbili hizi ni pacha wa mimba moja. Ukikompaili upya na kusahau kubadilisha mojawapo, gdb haitalalamika. Itakuonyesha mistari ya uongo kwa uso mkavu, na utapoteza siku nzima.

Kwenye /boot/uEnv.txt ongeza haya mwishoni mwa mstari wa cmdline, kisha washa upya:

console=ttyS0,115200 kgdboc=ttyS0,115200 nokaslr

(nokaslr tutaieleza chini.) Bodi ikishawaka, ingia kama root na uisimamishe kwa makusudi:

echo g > /proc/sysrq-trigger

Terminali ikiganda, furahi. Funga minicom au picocom, yaani programu unayosomea siriali, kwa kuwa programu mbili haziwezi kunywa kwenye bomba moja, halafu kwenye laptopu:

gdb-multiarch vmlinux
set serial baud 115200
target remote /dev/ttyUSB0

Amri ya kwanza usifanye bt (orodha ya fanksheni zilizoitana hadi hapo). Fanya x/s linux_banner, inayosoma maneno ya toleo kutoka kumbukumbu ya bodi iliyo hai, kisha yalinganishe na unayoyapata kwa strings vmlinux | grep "Linux version". Tarehe na saa ya kukompaili zikitofautiana, simama hapo, una pacha wa mwingine. Zikilingana, endelea na bt, weka kizuizi kwa break na jina la fanksheni yako, kisha c ili keneli iendelee.

Usiwe mlafi wa data. Kwa 115200 waya hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde, na kila baiti ya kumbukumbu husafiri kama herufi mbili. Megabaiti moja itakuchukua kama dakika 3.

SWALI: Nimefuata hatua zote lakini gdb inaandika "Ignoring packet error, continuing..." mara kadhaa kisha inakata tamaa. Siku nyingine inaunganisha vizuri, ila nikibonyeza Ctrl-C baada ya c hakuna kinachotokea. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Haya ni mawili, na yana chanzo tofauti.

La kwanza ni msongamano. Waya huohuo unabeba konsoli ya keneli, getty inayodai jina na nywila, na vifurushi vya gdb. Gdb ikifika wakati keneli bado inakimbia, inapokea "login:" mahali ilipotarajia $, inachanganyikiwa. Kwanza isimamishe bodi, ndipo uunganishe gdb. Pili, nyamazisha getty kwa systemctl stop serial-getty@ttyS0.service. Tatu, tumia agent-proxy, programu ndogo inayotenganisha mito miwili iliyomo katika waya mmoja:

agent-proxy 5550^5551 0 /dev/ttyUSB0,115200

Konsoli utaisoma kwa telnet localhost 5550, na gdb utaielekeza target remote localhost:5551. Inatosha kwa kazi nyingi. Ila kama bodi ina siriali ya pili, tunashauri uitumie na uachane na ujanja wote huo. BeagleBone Black ina siriali iitwayo UART4 kwenye safu ya P9: pini ya 11 ni RX na ya 13 ni TX. Ukishaiwezesha kwenye mti wa vifaa (faili linaloieleza keneli maunzi ya bodi), konsoli inabaki ttyS0 na unaandika kgdboc=ttyS4,115200. Adapta ya pili ni bei ndogo kuliko jioni moja ya kubahatisha. Pini za P9 zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa, kwa hiyo lile onyo la volti 5 hapa ni zito maradufu.

La pili, Ctrl-C: kgdb kwa njia ya konsoli haisikilizi ombi la gdb la kusimama wakati keneli inakimbia. Inasikiliza ishara ya BREAK ikifuatiwa na herufi g kwenye siriali ya konsoli. Kama gdb imeshika waya huo moja kwa moja, iambie hivi mara moja mwanzoni:

set remote interrupt-sequence BREAK-g

na Ctrl-C itaanza kufanya kazi. Ukipitia telnet, bonyeza Ctrl-], andika send break, kisha g. Kwenye minicom ni Ctrl-A F halafu g. Bado kimya? Angalia kernel.sysrq kwa amri ya sysctl. Mifumo mingi huipunguza nguvu. Iweke 1.

SWALI: Kizuizi changu hakishiki. Kiendeshi ni moduli (.ko), kipande cha keneli ninachokipakia baadaye kwa insmod. Gdb inasema haiijui fanksheni yangu, na nilipoipa anwani kwa mkono ikajibu "Cannot access memory at address". Na hata pale inaposhika, vigeu vyangu vinasomeka "<optimized out>". — Msomaji, Dodoma

JIBU: vmlinux ina alama za keneli peke yake. Moduli hupangiwa makazi inapopakiwa, na makazi hayo hubadilika. Ukiwa na CONFIG_GDB_SCRIPTS, andika lx-symbols ukitaja folda yenye .ko zako, nayo itatembelea orodha ya moduli ndani ya keneli na kuzisajili zote. Gdb ikikataa kupakia hati zenyewe, ongeza add-auto-load-safe-path na njia ya folda ya keneli kwenye ~/.gdbinit. Ukipenda njia ya mkono: kabla ya kuisimamisha bodi soma /sys/module/JINA/sections/.text ukiwa root, kisha kwenye gdb:

add-symbol-file kiendeshi.ko 0xbf000000

ukiweka namba uliyoisoma. Faili la .ko la kumpa gdb liwe lile lisilopunguzwa. Ukisakinisha kwa INSTALL_MOD_STRIP=1, lililo kwenye bodi limenyolewa alama zote, na hilo ni sawa kwa bodi; la kwako libaki na nywele zake.

Namba zenyewe zina cha kusema, zizoee. Katika ARM ya biti 32 yenye mgawanyo wa kawaida wa kumbukumbu, keneli inaanzia 0xc0000000 na moduli hukaa chini yake kidogo, kuanzia 0xbf000000. Ukiona PC (rejista ya anwani inayotekelezwa) iko 0xbf-kitu, msiba uko kwenye moduli. Ukiona anwani iliyoshindwa kusomeka ni 0x00000010 au jirani zake, mtu amefuata kielekezi tupu ndani ya struct, na hiyo 0x10 ni umbali wa kipengele alichokitaka tangu mwanzo wa struct hiyo.

Kwenye bodi za biti 64 kuna jambo la ziada: keneli yenyewe huhamahama kila inapowaka, kwa sababu ya usalama. Hapo anwani za vmlinux hazilingani na ukweli, na vizuizi vyako vinatua porini. Ndiyo kazi ya nokaslr: inaizuia kuhama. Kwenye BeagleBone Black ya biti 32 neno hilo halibadilishi kitu, lakini mazoea hayo yatakuokoa siku utakayohamia Raspberry Pi.

Kuhusu "<optimized out>", hiyo si hitilafu. Keneli hukompailiwa kwa -O2 (kompaila ikiuboresha msimbo), na haiwezi kukompailiwa kwa -O0 (bila kuuboresha). Kuna sehemu zake zinategemea kompaila iondoe msimbo usiofikiwa. Unaloweza ni kupunguza makali kwa faili lako peke yake. Kwenye Makefile ya moduli andika:

CFLAGS_kiendeshi.o += -Og

Fanksheni inayomezwa na jirani yake iwekee noinline kwa muda. Na badala ya kutembea hatua kwa hatua kwa n, weka kizuizi mistari kadhaa mbele kisha c. Katizo za saa (ishara zinazoikatiza prosesa) zinaendelea kupiga hodi, na hatua moja inaweza kukutupa kwenye msimbo usiokuhusu.

Tahadhari ya mwisho: usiweke kizuizi kwenye fanksheni ambazo kgdb yenyewe inazitumia, kama kiendeshi cha siriali. Atakayekupa taarifa kwamba kizuizi kimegongwa ndiye aliyekigonga, na bodi itanyamaza moja kwa moja.

SWALI: Nikiisimamisha Raspberry Pi yangu, kabla sijamaliza kusoma bt inajiwasha upya. Umeme nimeupima, uko sawa. — Msomaji, Kigali

JIBU: Huyo ni mbwa mlinzi, kipimamuda cha maunzi kinachoiwasha bodi upya kikikosa kuguswa na programu kwa muda uliowekwa. Kgdb huwatuliza walinzi wa programu waliomo ndani ya keneli, lakini chipu iliyo nje haijui kwamba umesimamisha kwa hiari. Kwenye Raspberry Pi muda wake wa juu kabisa ni sekunde 15 hivi, na ndiyo maana hupati muda wa kumaliza.

Tazama kwa wdctl kama kuna anayekitumia. Mara nyingi ni systemd: fungua /etc/systemd/system.conf, weka RuntimeWatchdogSec=0, washa upya. Ikiwa ni programu nyingine iliyofungua /dev/watchdog, kuizima tu huenda kusitoshe. Keneli ikikompailiwa na CONFIG_WATCHDOG_NOWAYOUT, mlinzi akishaamshwa halali tena hadi bodi izimwe. Kwenye bodi za viwandani mlinzi huwa chipu ya pembeni isiyosikia programu yoyote, na hapo tafuta jampa yake kwenye mchoro wa bodi. Ukimaliza kazi, mrudishe. Kifaa kilichorudishwa porini bila mlinzi ni safari ya kwenda kubonyeza swichi kwa kidole.

SWALI: Je, naweza kutumia waya wa Ethernet badala ya siriali? — Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwa gdb, hapana, kgdb ya kupitia mtandao haikuwahi kuingia katika Linux rasmi. Kwa ujumbe wa keneli, ndiyo, kwa netconsole:

netconsole=6665@192.168.1.10/eth0,6666@192.168.1.2/

Namba ya kwanza ni bodi, ya pili ni laptopu, ambako utasikiliza kwa nc -u -l 6666 (aina nyingine za nc hudai -p kabla ya namba). Ni UDP, kwa hiyo kinachopotea hakirudi, na ujumbe wa kabla kadi ya mtandao haijaamka hutauona. Wi-Fi usiitegemee kwa hili, viendeshi vyake kwa kawaida havina sehemu ambayo netconsole inaihitaji.

SWALI: Shikamooni. Tumefunga vifaa vya kupima kina cha maji mtoni, kama kilomita 300 kutoka ofisini. Kimoja kinaganda baada ya siku tatu au nne, hakuna anayejua lini. Tukifika kukiona, mtu wa zamu ameshakizima na kukiwasha, na kumbukumbu zote za diski zinaishia katikati ya sentensi. Tuanzie wapi? — Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Msianzie kwenye gdb. Hitilafu ya kila siku ya nne haisubiriwi kwa kizuizi. Kwanza kifanyeni kifaa kiache wosia.

Wosia huo ni ramoops. Mnatenga kipande cha RAM ambacho keneli haitakigusa kwa jambo jingine, na ikianguka inaandika humo maneno yake ya mwisho. Keneli inayofuata inayakuta kwenye /sys/fs/pstore. Wekeni CONFIG_PSTORE, CONFIG_PSTORE_RAM na CONFIG_PSTORE_CONSOLE, kisha kwenye mti wa vifaa, chini ya reserved-memory:

ramoops@98000000 {
  compatible = "ramoops";
  reg = <0x98000000 0x100000>;
  record-size = <0x20000>;
  console-size = <0x40000>;
  ecc-size = <16>;
};

Anwani hiyo ni ya mfano wa BeagleBone Black, yenye megabaiti 512 zinazoanzia 0x80000000. Msishawishike kuchukua megabaiti ya mwisho kabisa ya RAM, ingawa inaonekana iko huru: U-Boot, programu inayoiwasha keneli, hujihamishia huko juu kila inapowaka, na itaufuta wosia kabla haujasomwa. Huo ndio mtego unaowafanya wengi waseme ramoops haifanyi kazi. Mtego wa pili: folda ikionekana tupu, angalieni /var/lib/systemd/pstore, kwani systemd huyahamishia huko yenyewe. Na mtego wa tatu ni mtu wenu wa zamu. RAM hukumbuka bodi ikijiwasha upya, lakini umeme ukikatwa inasahau. Mwambieni abonyeze kitufe cha reset, asing'oe plagi.

Afadhali zaidi asiwe na haja ya kubonyeza chochote. Ongezeni kwenye mstari wa kuwashia (ule wa cmdline):

oops=panic softlockup_panic=1 panic=10

Keneli iliyokwama ndani ya kitanzi kwa zaidi ya sekunde 20 itajitangaza kuwa imeanguka, itaandika wosia, itangoja sekunde 10 na kujiwasha. CONFIG_SOFTLOCKUP_DETECTOR lazima iwepo. Mkipata ripoti, pelekeni kwenye laptopu na kuisoma kwa folda ileile ya keneli:

scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux < ripoti.txt

Badala ya kitu kama soma_kina+0x24/0x90 mtapata jina la faili na namba ya mstari. Kwa makosa mengi kazi inaishia hapa, hakuna aliyefungua gdb.

Yasipotosha hayo, wekeni jirani. Chukueni bodi ya pili, hata Raspberry Pi ya zamani, ifungwe kwenye boksi lilelile: USB yake imeshika adapta ya siriali ya kifaa kinachougua, na modemu yake iko peke yake. Kifaa kikisimama, mtandao wake nao umekufa. Jirani ndiye anayebaki na sauti. Waya mmoja wa ziada kutoka pini ya GPIO (inayoamrishwa na programu) ya jirani kwenda pini ya reset ya mgonjwa, kupitia transista, utawaokoa na mafuta ya gari.

Ofisini mnaingia kwa ssh hadi kwa jirani, mnafungua tmux (terminali isiyokufa mkikatikiwa mtandao), na gdb-multiarch mnaiendesha hukohuko kwa jirani. Hapa watu huteleza. Huweka ser2net (programu inayopeleka siriali kwenye mtandao) kwa jirani na kuendesha gdb ofisini, kisha wanashangaa kwa nini bt moja inachukua dakika. Gdb huuliza maswali madogo mengi, moja baada ya jingine, na kila swali linangoja jibu. Mtandao wa simu ukichelewesha nusu sekunde kwenda na kurudi, maswali 100 ni sekunde 50. Gdb ikikaa kwa jirani, kinachosafiri ni maandishi ya skrini tu. Jirani akikosa nafasi ya vmlinux kwenye kadi yake, ndipo tumieni ser2net, ikisikiliza localhost peke yake, kwa mfereji wa ssh:

ssh -L 2000:localhost:2000 jirani

na kwenye gdb, set remotetimeout 30 kabla ya target remote localhost:2000. Porti hiyo isiwekwe wazi kwenye intaneti hata kwa jaribio la dakika tano. Anayeifikia anaandika popote kwenye kumbukumbu ya keneli, bila nywila.

SWALI: Bodi yangu ikiganda hata BREAK na g haijibu. Ramoops tupu. Je, ndiyo ninunue JTAG, zana ya kuishika prosesa moja kwa moja? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa dalili hizo, ndiyo. Kgdb, kigunduzi cha kukwama na siriali yenyewe vyote huishi kwa katizo. Msimbo uliozima katizo na kubaki kwenye kitanzi, kwa prosesa ya kiini kimoja kama Cortex-A8 ya BeagleBone Black, umeua kila mtu ambaye angeweza kutoa taarifa. JTAG haimwombi mtu ruhusa, husimamisha prosesa kwa waya zake yenyewe.

Kwenye BeagleBone Black nafasi ya JTAG, P2, huja bila kiunganishi. Kuna pini 20 za umbali wa milimita 1.27 za kulehemu, kazi ya mkono uliotulia. Raspberry Pi ni rahisi: enable_jtag_gpio=1 kwenye config.txt hugeuza GPIO 22 hadi 27. Kwa mpangilio wa GPIO: 22 TRST, 23 RTCK, 24 TDO, 25 TCK, 26 TDI, 27 TMS. Adapta yenye FT2232H na programu ya OpenOCD vinatosha. Anza na adapter speed 1000, yaani kilohezi 1,000. Nyaya za jampa zenye sentimita 30 hazipendi mbio. OpenOCD itafungua porti 3333 kwa gdb na 4444 kwa telnet.

Vizuizi vya maunzi sasa vinapatikana kwa hbreak, lakini vinahesabika: Cortex-A8 ina sita, na viwili vya kuvizia anwani ya data. Kwa kgdb kwenye ARM hbreak haisaidii, huko vizuizi ni vya programu. Kiini kikilala usingizi wa kuokoa umeme JTAG hupoteza mawasiliano nacho, basi washa keneli kwa cpuidle.off=1. Na ukiisimamisha bodi kwa JTAG, keneli haijui kwamba muda umepita. Ukiiachia itaona saa imeruka na kulalamika kwa RCU stall na soft lockup, yaani maonyo ya kukwama. Malalamiko hayo umeyaumba wewe, usiyachunguze. Hapa pia ndipo ile softlockup_panic=1 inapogeuka adui, iondoe kwanza.

SWALI: Nilisikia kuna watu waliwahi kurekebisha mfumo endeshi wa kifaa kikiwa Mars. Ni kweli au porojo? — Msomaji, Muscat

JIBU: Ni kweli. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua tarehe 4 Julai 1997 kikiendeshwa na mfumo endeshi wa VxWorks. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Kazi ya kipaumbele cha chini, iliyokusanya vipimo vya hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli (kibali cha kutumia kitu cha pamoja) ambalo kazi ya kipaumbele cha juu ililingoja. Kazi za katikati zikaendelea kupita mbele ya ile ya chini, kufuli halikuachiwa, na mlinzi akaiwasha kompyuta.

Hakuna aliyeunganisha gdb: ishara ilichukua kama dakika 10 kwenda tu. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA iliyokiendesha, waliurudia ugonjwa kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakiwa wamewasha rekodi ya matukio ya mfumo, wakaona nani alikuwa akimngoja nani. Dawa ikawa kuwasha kwenye kufuli hilo urithi wa kipaumbele, ili mwenye kufuli apandishwe cheo kwa muda, na mabadiliko yakatumwa angani. Kwenye Linux makufuli ya rt_mutex yana urithi huo, na makosa ya mpangilio wa kufuli husakwa kwa CONFIG_PROVE_LOCKING, inayopiga kelele kabla mkwamo wenyewe haujatokea.

SWALI: Waya wa USB ukichomoka katikati ya gdb, nimepoteza hali yote? — Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Hujapoteza kitu. Keneli imesimama palepale na vizuizi vyake, inangoja. Chomeka, angalia kwa dmesg kama adapta imegeuka ttyUSB1, kisha target remote tena. Ukimaliza kazi toka kwa detach ili keneli iendelee. Hata amri ya kill hapa haiui. Kgdb huondoa vizuizi na kuiachia bodi.